Fainali ya Wimbledon 6-0, 6-0 dakika 57: Anisimova alichoka, aliogopa, au Swiatek alikuwa hashikiki?

#1 Mkwaju_Mchungu (12 Julai 2025)
Wakuu habari za jioni. Mimi sio mtu wa tenisi kihivyo, huwa naangalia fainali tu, leo saa 12 nikajipanga kwenye kibanda umiza cha jirani tena ilibidi nibembeleze wabadilishe chaneli, nikaagiza chips mayai, kabla sahani haijafika seti ya kwanza imeisha. Sita bila. Nikasema atazinduka seti ya pili. Sita bila tena! Jamaa waliokubali kubadilisha chaneli wakaanza kuniangalia mimi kama ndio niliyekuwa nacheza.

Sasa swali langu kwa wajuzi. Huyu Anisimova si ndiye Alhamisi kamtoa Sabalenka, namba moja wa dunia? Nilimuona, anapiga mpira mpaka unasikia mlio. Siku mbili baadaye anashindwa kupata hata gemu moja? Hata MOJA? Hii haijawahi kutokea kwenye historia ya tenisi. Kuna nini hapa?

#2 Bi_Kirembwe
Kwanza tuambie chips zilifika au na zenyewe zilikula sita bila

#3 Kipanga_Mweusi
Mkuu jibu ni jepesi, kachoka. Ile nusu fainali na Sabalenka ilikwenda masaa mawili na dakika 36, seti tatu, 6-4, 4-6, 6-4, kwenye jua la digrii zaidi ya 30 mpaka mashabiki wanaanguka jukwaani mechi inasimamishwa. Swiatek siku hiyohiyo kamaliza na Bencic 6-2, 6-0 kwa dakika 72 akaenda zake kula. Ijumaa moja ya kupumzika haitoshi, mwili sio simu kwamba unachomeka chaji asubuhi unaamka na mia.

#4 Mzee wa Neti
Salaam. Mleta mada, "haijawahi kutokea" futa. Roland Garros (ndiyo French Open) 1988, Steffi Graf alimpiga Natasha Zvereva 6-0, 6-0 fainali, dakika 34. Zvereva alikuwa na miaka 17, alipata pointi 13 tu mechi nzima. Na mtoto huyo raundi ya nne alikuwa kamtoa Martina Navratilova, kwa hiyo sio kwamba alibebwa mpaka fainali. Wimbledon yenyewe imetokea 1911, Dorothea Lambert Chambers dhidi ya Dora Boothby.

#5 Mkwaju_Mchungu
@Mzee wa Neti 1911 mzee ulikuwepo uwanjani? Mimi naongelea historia ya watu walio hai.

#6 Mzee wa Neti
Graf yupo hai, Zvereva yupo hai.

#7 Nyumba_Kumi
Hiyo ya 1988 ni dakika 32 sio 34

#8 Mzee wa Neti
34 ndiyo iliyoandikwa rasmi. Mvua iliwakatisha kidogo, ukihesabu muda wa kucheza tu ndio unapata hiyo 32 yako. Na ya 1911 usiifananishe na ya leo, zamani bingwa mtetezi alikuwa anakaa nyumbani anakunywa chai, wengine wanachujana wee, mshindi ndio anakuja kucheza naye mechi moja. Kwa hiyo Boothby alikuja na uchovu wa mashindano mazima na mwenzake katoka kitandani. Utaratibu huo ulifutwa miaka ya 1920. Sasa @Kipanga_Mweusi hapo ndipo hoja yako ya uchovu ingefaa, sio hapa. Hapa wote wamecheza mechi saba.

#9 Kipanga_Mweusi
Mechi saba sawa lakini masaa sio sawa! Na dada mwenyewe amekiri baada ya mechi, alisema Ijumaa kwenye mazoezi alikuwa anasimama kupumzika kila baada ya kubadilishana mipira. Sasa mnabishana na mgonjwa kuhusu ugonjwa wake?

#10 DadaRaketi
Kakiri pia kwamba aliganda kwa woga. Soma yote usichague mistari.

Mimi kwa macho yangu ilikuwa woga tu. Gemu ya kwanza kabisa anasevu yeye, kabrekiwa palepale, yaani kapoteza gemu ya sevu yake mwenyewe. Mtu aliyechoka huanza vizuri halafu anashuka, huyu hakuanza. Makosa yake mwenyewe bila kulazimishwa yalikuwa 28 na gemu zote zilikuwa 12, pigeni hesabu. Pointi zote mechi nzima kapata 24.

Niliwahi kucheza netiboli fainali ya kanda UMISSETA, mimi ni GS (mfungaji), msimu mzima nafunga nimefumba macho. Siku ya fainali naona nyavu ziko mbali kama Chalinze. Mpira unafika mkononi vidole havina hisia, nasikia sauti moja tu ya mama mmoja anauza karanga, watu wote wengine kimya. Sikuwa nimechoka, tulilala vizuri na ubwabwa tulikula. Kwa hiyo nikimuona mtu kaganda namjua.

#11 Bi_Kirembwe
@DadaRaketi pole shosti, mkafungwa ngapi

#12 DadaRaketi
Hilo halihusiani na mada 😂

#13 Shuka_Mtumba
Nitasema mtanitukana. Hii mechi iliuzwa. Mkeka wa watu umechanika leo, hakuna aliyeweka 6-0 6-0.

#14 Kocha_Msaidizi
@Shuka_Mtumba bingwa anapata pauni milioni 3, aliyefungwa anapata milioni 1 na elfu 520. Tofauti karibu milioni moja na nusu ya pauni, na jina lake kwenye sahani ya Wimbledon. Nani auze hapo, amuuzie nani, kwa bei gani?

Tuongee mpira sasa. Mimi nafundisha watoto kwenye klabu moja hapa Dar kwa hiyo nimeiangalia kwa jicho hilo. Mtu akiogopa kitu cha kwanza kufa ni miguu, mkono unafuata. Anisimova anapiga mipira iliyonyooka, haina mzunguko mwingi, inapita juu ya neti kwa kiasi kidogo sana, ndio maana bakhendi yake siku ikiwa nzuri huna pa kukimbilia. Lakini mpigo wa hivyo unataka ufike kwenye mpira mapema, magoti yamekunjwa. Leo alikuwa anafika amesimama wima kama anasubiri daladala, kichwa cha raketi kinachelewa, mpira unatoka nje au unakufa kwenye neti. Na sevu vilevile, angalieni marudio, ule mpira anaurusha juu mkono haunyooki mpaka mwisho, mpira unamwendea nyuma ya kichwa, hapo ndio dabo folti (sevu mbili mfululizo kuharibika) zinazaliwa.

Swiatek anapiga fohendi yenye mzunguko mkali sana, hata akichelewa kidogo mpira unashuka ndani. Yeye ana posho ya makosa, mwenzake hana. Ndio maana siku mbaya ya Swiatek anafungwa 6-4 na siku mbaya ya Anisimova ndio hii.

#15 Kipanga_Mweusi
Kocha umeandika vizuri lakini "miguu imekufa" ndio UCHOVU wenyewe mbona unanipa pointi halafu unakataa kuniandikia

#16 Kocha_Msaidizi
Miguu inakufa kwa njia nyingi mkuu.

#17 WaKitale
Niaje wasee. Nyinyi wote mnaongea Anisimova Anisimova, kwani Swiatek alikuwa amelala? Huyu msichana hajawahi kupoteza fainali ya Grand Slam (yale mashindano manne makubwa), sasa ni sita kwa sita, French nne, US Open 2022 na hii. Akiingia fainali yeye huwa ni mtu mwingine. Watu walikuwa wanasema nyasi hazimpendi, hajawahi kupita robo fainali pale, akashuka mpaka akapangwa namba 8, mwaka mzima bila kombe. Alikuja na hasira. Wiki mbili kabla alikuwa fainali ya Bad Homburg kwa nyasi, akapoteza kwa Pegula, lakini alikuwa ashashika dawa ya nyasi. Kocha wake Wim Fissette pia ni mtu wa kazi.

#18 Shuka_Mtumba
Huyo si ndiye aliyefungiwa miezi sita kwa madawa? Hapo sasa mnanielewa kumbe

#19 Mzee wa Neti
Mwezi mmoja, sio sita. Sampuli ya Agosti 2024 ilikutwa na trimetazidine (dawa ya moyo iliyokatazwa michezoni), wakapima dawa zake za usingizi za melatonin wakakuta zimechafuliwa kiwandani, wakakubali kwamba kosa lake ni dogo mno. Kesi imefungwa. Dawa ya usingizi haimfanyi mtu apige mpira vile kaka, ingekuwa hivyo wewe ungekuwa bingwa.

#20 Bi_Kirembwe
🤣🤣 mzee leo kaamka na wembe

#21 Mangi_Mdogo
Ndio maana mimi tenisi ya wanawake siangalii, dakika 57 mtu anachukua zaidi ya bilioni 5 za madafu kwa KUFUNGWA. Wanaume wanacheza seti tano masaa manne pesa ileile. Haki iko wapi?

#22 DadaRaketi
Bilioni 5 ni ya mechi saba sio ya dakika 57, mpaka afike hapo kawatoa watu sita akiwemo namba moja wa dunia. Wimbledon wanalipa sawa tangu 2007, umechelewa kukasirika.

#23 Mzee wa Neti
Na seti tano wanawake walishacheza. Fainali ya mashindano yao ya mwisho wa msimu kule New York ilikuwa ya seti tano kuanzia 1984 mpaka 1998, Graf na Seles na Sabatini wamecheza, hakuna aliyekufa. Wenye mashindano na televisheni ndio wanaopanga muda, sio wachezaji.

#24 Mangi_Mdogo
Ningependa kuona leo seti ya tatu ingekuwaje. 6-0 tena?

#25 Kocha_Msaidizi
Huenda ingesaidia. Ukishajua bado una seti moja ya uhai mkono unalegea.

#26 Mama_Wawili_Tegeta
Jamani mimi nimelia. Mmeona ile hotuba? Mama yake alipanda ndege akatua London asubuhi ileile ya fainali, walikuwa na imani kwamba mama akija mambo yanaharibika, akavunja mwiko ili amuone mtoto. Halafu ndio akaona vile. Binti anamshukuru mama machozi yanatoka, uwanja mzima unapiga makofi. Na baba yake ndiye aliyekuwa kocha wake tangu utotoni, akafariki kwa moyo Agosti 2019, binti ana miaka 17. Mwaka uleule alikuwa kamtoa Halep robo fainali ya French akafika nusu. Yule mtoto kabeba vitu vingi.

#27 Shuka_Mtumba
Basi jibu limepatikana, mama ndio mkosi

#28 Mama_Wawili_Tegeta
Astaghfirullah. Una mama wewe?

#29 Nyumba_Kumi
Watu mnasahau kwamba 2023 huyu alisimama kucheza kabisa, Mei akasema kachoka akili, akakaa pembeni mpaka Januari 2024. Mwaka jana Wimbledon alitolewa kwenye mchujo, hata getini hakuingia, alikuwa nje ya 180 kwa ubora duniani. Mwaka huu kachukua Doha, kafika fainali Queen's, sasa fainali hapa. Mtu katoka huko mpaka Centre Court ndani ya mwaka, mnataka na utulivu wa Serena siku ya kwanza?

#30 Kipanga_Mweusi
Ndio nikasema kachoka

#31 Nyumba_Kumi
Wewe kila kitu kachoka. Hata mimi nimechoka na wewe.

#32 Mzee wa Neti
Vijana mmewahi kumsikia Jana Novotna? Fainali ya 1993, seti ya tatu anaongoza 4-1 dhidi ya Graf na ana pointi ya kwenda 5-1. Akapiga dabo folti. Baada ya hapo hakupata gemu tena, 7-6, 1-6, 6-4 Graf. Wakati wa kupokea sahani akamlalia begani Duchess wa Kent, mama wa familia ya kifalme ya Uingereza, akalia kama mtoto mbele ya dunia nzima. 1998 akarudi akamfunga Nathalie Tauziat akachukua. Kwangu mimi ile ilikuwa mbaya kuliko hii, maana ushindi alishaushika mkononi. Huyu wa leo hakushika chochote, na kisichoshikwa hakiumi sana.

#33 DadaRaketi
Hapo mzee nakataa. Bora nianguke nimeongoza 4-1, kuna kitu cha kuonyesha. Sita bila mara mbili huna hata hailaiti moja ya kumtumia shangazi.

#34 Mkwaju_Mchungu
Naona wajuzi wenyewe hamjaelewana, ngoja nisubiri fainali ya wanaume kesho. Ahsanteni.

#35 Mtoto_ya_Goma (8 Agosti 2025)
Jambo bandugu. Naona uzi wa fainali za wanawake, naleta habari hapahapa. Miye niko Toronto. Jana usiku Victoria Mboko amekamata kombe ya Montreal, amemupiga Naomi Osaka 2-6, 6-4, 6-1! Miaka 18, aliingia kwa kupewa nafasi ya bure, namba 85 ya dunia, amepiga mabingwa wa Grand Slam bane: Kenin, Gauff, Rybakina, Osaka. Bazazi bake batu ya Kongo kabisa, balitoka Kinshasa. Hapa kwetu jengo yote ilipiga kelele mpaka mlinzi akapanda juu kuuliza nani amekufa.

#36 WaKitale
Hongera sana ndugu. Lakini wacha niwakumbushe kitu tamu. Wimbledon 2022 upande wa vijana, fainali ya wasichana wawili wawili, Angella Okutoyi wetu na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi waliwashinda Wakanada wawili, 3-6, 6-4, 11-9 (hiyo ya mwisho ni taibreki ya pointi badala ya seti ya tatu). Mmoja wa hao Wakanada ni nani? Victoria Mboko! Okutoyi ndiye Mkenya wa kwanza kushinda taji la Grand Slam. Kwa hivyo huyo wenu tulishampatia dozi.

#37 Mtoto_ya_Goma
11-9 unaita dozi? Na sasa Okutoyi iko wapi?

#38 WaKitale
Alienda chuo Marekani, Auburn, na African Games za Accra 2024 akachukua dhahabu. Tofauti si talanta buda, tofauti ni nani anakulipia ndege kila wiki. Mboko alikuwa anapangiwa mechi na kocha, Okutoyi alilelewa na nyanyake.

#39 Mzee wa Neti
Kocha wa Mboko ni nani? Nathalie Tauziat, yuleyule niliyemtaja #32, aliyefungwa na Novotna 1998. Dunia hii ndogo.

Mniambie pia kuhusu Osaka. Seti ya kwanza anatawala, halafu akazimika, na kwenye hotuba akasahau hata kumpongeza mtoto. Yeye na Grand Slam zake nne. Sasa na huyo alichoka?

#40 Kipanga_Mweusi
Ndiyo

#41 Bi_Kirembwe (7 Septemba 2025)
NAFUFUA UZI. Mmeona New York? Anisimova huyohuyo kakutana na Swiatek huyohuyo robo fainali ya US Open, kampiga 6-4, 6-3. Na kasema usiku wa kuamkia mechi alikaa akaiangalia upya ile mechi ya Wimbledon! Mimi hata picha zangu za kipaimara siwezi kuangalia, mtu anakaa anaangalia sita bila mara mbili kwa hiari yake. Baadaye katoa na Osaka nusu fainali, jana ndio kafungwa na Sabalenka 6-3, 7-6.

Halafu @Mzee wa Neti yule Duchess wako wa Novotna amefariki wiki hii.

#42 Mzee wa Neti
Nimeona. Mama wa watu, apumzike.

#43 DadaRaketi
Haya sasa, ilikuwa woga au haikuwa woga? Mwili uleule, mpinzani yuleyule, wiki saba na ushee. Kilichobadilika ni kichwa tu.

#44 Kipanga_Mweusi
Kilichobadilika ni kwamba hakucheza masaa mawili na nusu kwenye jua siku mbili kabla. Robo fainali sio fainali, alikuwa na miguu mibichi.

#45 Kocha_Msaidizi
Kilichobadilika ni sakafu, jamani. Pale New York mpira unaruka juu mpaka kiunoni kwake, anaukuta pale anapoupenda, hahitaji kukunja magoti sana. Kwenye nyasi mpira unateleza chini na Swiatek siku ile alikuwa anasevu vizuri kuliko nilivyowahi kumuona. Msimalize kesi kwa mechi moja.

#46 Mama_Wawili_Tegeta
Mimi ninachotaka kujua mwanangu ana miaka tisa anataka raketi, zile za mtumba za pale Karume zinafaa au nitapoteza hela @Kocha_Msaidizi

#47 Kocha_Msaidizi
Angalia urefu, miaka tisa usimpe raketi ya mtu mzima atajiumiza kiwiko, tafuta inchi 25. Nyuzi zikiwa zimelegea usijali, tunafunga upya. Njoo PM.

#48 WaKitale (6 Novemba 2025)
Riyadh tena! Jana kwa WTA Finals (mashindano ya mwisho wa msimu), Swiatek kachukua seti ya kwanza kwa taibreki, Anisimova akarudi 6-4, 6-2. Mbili moja sasa kwa Anisimova. Woga, jua, nyasi, mama, nani anaendelea?

#49 Kocha_Msaidizi
Riyadh ni ndani ya ukumbi, sakafu ngumu. Nitarudi hapa Julai wakikutana kwenye nyasi.

#50 Kipanga_Mweusi
Swiatek msimu umeshamchosha